BEI IMEANGUKA, LAKINI MWIZI HAKULALA



Wale wanaolala internati wanajua kelele iliyokuwa katika dortwari ya wakubwa siku ya posho iliyopita. Wengine, wanaofika asubuhi na kurudi kwao, walisikia habari yake nusu nusu tu. Ni vizuri tuieleze hapa, maana jambo lenyewe linatugusa wote, zaidi sisi finalisti, ambao kiisha egzameni ya Serikali tutaulizwa na kila mtu: na sasa utafanya kazi gani?

Mwenzetu mmoja wa kelasi ya sita Hesabu-Fizika alisema mbele ya wengine kwamba anataka kujifunza kazi ya kulinda programu za feza za intaneti, zile za blokicheni, ili wezi wasiingie. Basi watu walicheka mpaka vitanda vikalia. Mmoja akasema: « Ile kazi ilishakufwa! Haukusikia bei ya Bitcoin ilianguka? Nani atakulipa? » Mwingine akaongeza: « Baba yako anauzisha kuku juu ya minervali yako, na weye unataka kuenda kuchunga feza yenye haionekane! » Mwenzetu akanyamaza, akajifunika bulangeti mpaka kichwani. Sisi kapita tuliitwa kunyamazisha kelele, tukainyamazisha. Lakini usiku ule tuliona haya, kwa sababu hata sisi tulikuwa tumecheka.

Tangu siku ile tumesoma, tumemwuliza mwalimu wetu wa hesabu, tumefikiri. Maoni yetu ni haya: wale waliocheka wana haki kidogo, lakini mwenzetu ana haki zaidi. Bei ikianguka, wenye kutafuta faida ya upesi wanakimbia, lakini kazi ya ulinzi inabaki. Na wakati wa bei mbaya ni wakati mzuri wa kuanza, kama mtu anajua vema kwamba anaingia kujifunza, hakuja kula.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Wengi wanasema jina tu, hawajui kitu chenyewe. Blokicheni ni daftari la hesabu ambalo haliko kwa mtu mmoja. Nakala yake iko katika maelfu ya ordinatere duniani, na zote zinaandika maneno yale yale. Kila ukurasa umefungwa kwa ukurasa uliotangulia. Mtu akitaka kufuta mustari mmoja wa zamani, itampasa kuandika upya kurasa zote zilizofuata, mbele ya macho ya wote. Daftari la Bitcoin lilianza mwaka wa 2009. Mwaka wa 2015 likaja Ethereum, nalo likaleta jambo jipya: ndani ya daftari watu wanaweza kuweka programu inayotunza feza na kuitoa yenyewe, bila mtunza-feza, bila banki.

Watu wanaziita programu hizo mapatano yenye akili. Sisi tunaona hazina akili hata kidogo. Programu inafanya kama ilivyoandikwa. Ikiandikwa vibaya, itatoa feza vibaya, na hakuna mkubwa wa kumpigia telefone na kumwambia: simamisha! Ndiyo maana, mbele ya watu kuweka feza ndani, inafaa mtu asome programu ile mustari kwa mustari, akitafuta tundu ambalo mwizi angeweza kupitia. Mtu yule ndiye mchunguzi. Hiyo ndiyo kazi mwenzetu anayoitaka.

Tutatoa mfano ambao kelasi yetu haitausahau. Mwaka jana tulikusanya feza ya kushona shati za sikukuu. Sikukuu haikufanyika, basi ikapaswa kila mmoja arudishiwe feza yake. Mtunza-feza wetu aliketi mezani na daftari. Watu walikuwa wengi, naye alitaka kwenda mbio: akatoa feza kwanza, akisema majina atayafuta nyuma. Mmoja akapokea, akazunguka nyuma ya jengo, akarudi katika mustari wakati jina lake lilikuwa bado halijafutwa. Akapokea tena. Akazunguka tena. Jioni sanduku lilikuwa tupu, na wenzetu wawili walikuwa hawajapata kitu. Mtunza-feza hakuiba hata franka moja. Na sisi ndio tuliosimamia ile meza, tukitazama kwa macho yetu, hatukuona kitu. Kosa lilikuwa katika mpango: kutoa mbele ya kuandika.

Sasa sikilizeni. Tarehe 17 mwezi wa sita 2016, kosa lile lile lilitokea katika Ethereum. Kulikuwa mfuko mkubwa unaoitwa The DAO. Watu wengi waliweka mali yao ndani, na mtunza-feza alikuwa programu. Programu ile ilitoa feza kwanza, kiisha ikaandika katika daftari kwamba imetoa. Mtu mmoja akatengeneza programu yake ambayo kila ilipopokea iliomba tena, mbele ya daftari kuandikwa. Kwa njia ile akavuta karibu etheri 3.600.000, ambazo kwa bei ya siku zile zilipita dola milioni 50. Watu wa Ethereum walibishana sana, na mwezi wa saba wakageuza daftari lenyewe ili mali irudi kwa wenyewe. Wale waliokataa kugeuza walibaki na daftari la kwanza, na mpaka leo linaitwa Ethereum Classic.

Na dawa ya kosa lile ni nini? Ni kupanga mistari upya: andika kwanza, toa nyuma. Mwanafunzi yeyote wa Komersiali angeweza kusema hivyo. Kazi hii inataka macho yasiyochoka na moyo wa kushuku kila kitu, na vitu hivyo haviuzwi Ulaya.

MWIZI HAFUATI BEI

Tuje sasa kwa neno la bei. Ni kweli, soko la feza hizi linapanda na kuanguka kuliko soko lolote tunalolijua. Mwezi wa kumi na moja 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69.000. Mwaka mmoja nyuma yake, ilikuwa chini ya 16.000. Katikati, mwezi wa tano 2022, feza inayoitwa Terra ilibomoka kwa siku chache. Mwezi wa kumi na moja 2022, soko kubwa la FTX likafilisika, na mkubwa wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa mwaka wa 2024 miaka 25 ya kifungo. Na tena karibu hapa, mwezi wa kumi 2025 Bitcoin ilipita dola 120.000, lakini mbele ya mwezi wa kumi na moja kuisha ilikuwa imeshuka chini ya 90.000. Ndiyo habari iliyowachekesha wenzetu.

Lakini mwaka wa 2022, wakati bei ilikuwa chini, wezi walifanya nini? Kampuni ya Chainalysis, inayofuata nyayo za feza zilizoibwa, ilihesabu kwa mwaka ule dola bilioni 3,8. Hakuna mwaka wa mbele yake uliofika pale. Hatufichi kitu: mwaka wa 2023 hesabu ilishuka kwa bilioni 1,7. Lakini mwaka wa 2024 ikapanda tena kwa bilioni 2,2. Na tarehe 21 mwezi wa pili 2025, kwa siku moja, soko la Bybit lilipoteza karibu dola bilioni 1,5. Polisi ya Marekani, FBI, ilisema wezi wale ni watu wa Korea ya Kaskazini.

Basi mwizi hangoji bei ipande. Nyumba yenye maskini na nyumba yenye tajiri, zote ziko na mlango, na usiku unafika kwa zote.

Tena mara nyingi mwizi haingii kwa akili ya ajabu. Anaingia kwa uzembe wa wenye nyumba. Mwezi wa tatu 2022, wezi walichukua zaidi ya dola milioni 600 katika daraja la Ronin, mahali feza zilipokuwa zinapita toka daftari moja kwenda lingine. Daraja lile lilikuwa na walinzi tisa, na ilipaswa watano wakubali mbele ya feza kutoka. Ni mpango mzuri. Lakini funguo nne zilikuwa kwa kampuni moja. Na mwezi wa kumi na moja 2021, sababu kazi ilikuwa nyingi, kampuni ile ilipewa ruhusa ya kutia alama kwa jina la mlinzi wa tano. Kazi ikapungua mwezi uliofuata, lakini hakuna aliyekumbuka kufuta ruhusa. Mwizi aliyeingia katika nyumba ile moja akapata funguo tano kwa mara moja. Na ilipita siku sita mbele ya wenyewe kujua kwamba wameibiwa! Sisi tunaotunza ufunguo wa depo ya shule tunajua jambo hili: unamwazima mtu ufunguo juu ya kuchota maji, kiisha juma nzima hujui ufunguo uko kwa nani.

« NANI ATAKULIPA? »

Hapa wale waliocheka wana haki, na tunataka kuwajibu kwa haki. Wezi hawapumziki, ndiyo, lakini mwizi hamlipi mlinzi. Anayelipa ni mwenye nyumba, na bei ikianguka, mwenye nyumba anapunguza watu. Kampuni ya Coinbase ilifukuza karibu watu 1.100 mwezi wa sita 2022, na wengine 950 mwezi wa kwanza 2023. ConsenSys, ambayo ndani yake mlikuwa hata wachunguzi wa programu, ilifukuza watu mwezi wa kwanza 2023, na tena mwezi wa kumi 2024. Wale waliofukuzwa ni watu wenye diploma kubwa na miaka mingi ya kazi. Nao wanatafuta kazi kama weye. Mtoto wa hapa, anayeanza leo na telefone moja na umeme unaokatika, asidhani atawapita kwa mwezi mmoja.

Lakini, wapendwa, ni nani anayetufundisha sisi wana-Katanga habari ya bei kuanguka? Tumezaliwa ndani yake! Wazee wetu waliona Gécamines ikitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka wa 1990 shimo la Kamoto likabomoka, mambo mengine mabaya yakafuata, na mwaka wa 1994 haikufika hata tani 50.000. Na sisi wenyewe tuliona: mwisho wa 2019 mgodi wa Mutanda ulifungwa kwa sababu bei ya kobalti ilikuwa imeanguka, na nyuma ukafunguliwa tena. Mwezi wa pili 2025 Serikali ilisimamisha kobalti isitoke inchini, kwa sababu ilikuwa nyingi katika soko na bei ilikuwa chini sana.

Katika nyumba zetu wazee wanaeleza nani aliyevuka ile miaka mibaya. Yule aliyejua kuchomelea chuma, yule aliyejua umeme, yule aliyejua kutengeneza pompi, alihangaika, lakini alipata mahali. Mkono wake ulikuwa na kazi, na kazi ile haikuwa mali ya kampuni. Aliyekuja juu ya mushahara tu, mushahara ulipokwisha hakubaki na kitu.

Kazi hii ya uchunguzi iko namna ile. Anayeingia juu ya bei, bei itamfukuza. Anayejifunza kusoma programu na kutafuta tundu lake, hata kama blokicheni zote zingezimika kesho, atabaki na ufundi. Banki ziko na programu. Airtel Money na M-Pesa ambazo mama zetu wanatumia sokoni ziko na programu. Hospitali, migodi na ofisi zinaweka hesabu zao katika ordinatere. Kila mahali pale kuna mlango, na inafaa mtu auchunguze.

UANZE NAMNA GANI?

Kwa wale wanaotaka kufuata njia ya mwenzetu, tunatoa mashauri matano.

Kwanza, maliza masomo. Tunasema wazi kwa sababu wadogo wanaweza kutusikia vibaya. Asiwepo mtu wa kuacha egzameni ya Serikali juu ya intaneti. Tena tafuta kazi nyingine ya kukulisha wakati unapojifunza, kufundisha ao kuuza duka. Wakati wa bei mbaya, mwenye kuanza na tumbo tupu ataacha njiani, ao ataanza kuiba.

Pili, usinunue hata feza moja ya intaneti juu ya kujifunza. Haihitajiki. Jifunze kwanza kuandika programu ya kawaida, kwa mfano kwa lugha ya JavaScript, kiisha lugha ya Solidity, ambayo ndiyo inayoandika programu nyingi za Ethereum. Kuna mchezo unaoitwa Ethernaut, wa bure, wenye programu zilizoandikwa na kosa makusudi. Kazi yako ni kupata tundu na kulifungua. Feza zake ni za mazoezi, hazinunui hata mkate. Ukiumaliza, uko mwingine mgumu zaidi, Damn Vulnerable DeFi. Mwaka jana tulimwona mwanafunzi aliyetia minervali yake katika mpango wa telefone ulioahidi kuzidisha feza mara mbili. Mpango ukapotea, na yeye akakosa robo nzima ya masomo. Yule hakujifunza kazi, alicheza kamari. Msichanganye mambo haya mawili.

Tatu, somo habari za wizi. Kila mara wizi mkubwa unapotokea, mafundi wanaandika wazi namna ulivyofanyika, kwa sababu daftari liko mbele ya wote. Chukua kaye, andika: tundu lilikuwa wapi, nani alikuwa na ufunguo, mustari gani ulikosa. Habari hizi ziko karibu zote kwa Kiingereza. Basi lile somo la Kiingereza tunalolala ndani yake saa sita, tuamke!

Nne, ukipata tundu kweli, usiingie. Mwambie mwenye nyumba. Kampuni nyingi zinaweka zawadi kwa anayewaonyesha kosa. Mwaka wa 2022 daraja la Wormhole lilimlipa mtu mmoja dola milioni 10 kwa tundu alilowaonyesha, na daraja lile lile lilikuwa limeibiwa zaidi ya dola milioni 300 mwezi wa pili wa mwaka ule. Msiote milioni 10. Yule ni mmoja. Lakini jina la mtu mwaminifu linajengwa hivyo, kosa dogo moja, kiisha lingine, na wakati bei itakapopanda tena na kampuni zitakapotafuta watu, zitauliza: umekwisha kuonyesha nini? Hapo aliyejifunza wakati wa njaa atakuwa na jibu.

Tano, jihadharini na kazi za uongo. Wakati kazi ni chache, mwizi anavaa nguo za mwajiri. Katika habari ya Ronin ilielezwa kwamba mlango wa kwanza ulikuwa barua ya kazi nzuri, yenye mushahara mkubwa, aliyotumiwa fundi mmoja. Akafungua karatasi ile katika ordinatere yake, na mwizi akaingia pamoja nayo. Ikiwa fundi mkubwa alidanganywa namna ile, mtoto anayetafuta kazi kwa machozi atadanganywa upesi zaidi. Anayekuomba ulipe kwanza ili upate kazi, mkimbie.

NENO KWA WAALIMU WETU

Waheshimiwa, tunaomba jambo moja. Shule yetu iko na chumba cha ordinatere, na mchana wa siku ya posho kimefungwa. Tunajua sababu: mashini ziliharibika kwa michezo, tena mafuta ya jeneratere ni bei. Tunaomba kifunguliwe saa mbili tu kila siku ya posho, umeme ukiwapo. Kapita watashika daftari la wanaoingia, na kila mashini itakuwa na jina la anayeitumia. Ikiharibika, jina liko. Tunaomba vilevile wenzetu wa Komersiali wakubaliwe kuingia pamoja na Hesabu-Fizika, kwa sababu wao wanajua namna hesabu inavyofichwa. Na dada zetu wawe ndani tangu siku ya kwanza, wasikuje tu kufagia chumba.

Hatuahidi kwamba wengi watapata kazi hii. Labda mmoja, labda hakuna. Lakini wote watatoka wakijua kusoma kitu mpaka chini mbele ya kukiamini, na inchi yetu imelipa sana kwa kutia alama chini ya karatasi ambazo hazikusomwa.

Mwisho, kwa mwenzetu wa dortwari: tulikucheka, na tulikosa. Utusamehe. Endelea.

Anayetaka kuingia katika kundi la siku ya posho aandikishe jina lake kwa kapita wa kelasi yake mbele ya siku ya tano. Safari hii tutaandika kwanza, kiisha tutatoa nafasi.

Kapita wa wanafunzi,
kelasi ya sita Hesabu-Fizika